Duka la vitabu vya zamani nyuma ya Poste, Lubumbashi: nenda na muda, na uhesabu kurasa kabla ya kulipa

Nyota nne juu ya tano. Ya tano nimeizuia sababu ya kurasa kumi na sita, nitawaeleza mbele.

Tangu rantre, shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa, niliahidi watu nitaandika kuhusu hii duka, kila siku nasema kesho, kesho. Leo umeme umekatika, simu iko na asilimia 60, mtoto amelala, basi ngoja nimwage yote hata kama itakuwa ndefu.

Jina la duka sitataja kwa sababu halina. Kweli kabisa, hakuna kibao nje. Ukifika mjini, nyuma ya Poste, uliza wale wanaouza kaye (madaftari) na biki (kalamu) pembeni ya barabara "kwa papa wa bitabu ni wapi", watakuonyesha mlango mwembamba uliobanwa kati ya fundi wa simu na mama mmoja mshonaji. Mbele kuna meza ya kaye, biki, rula, karatasi za kufunikia kaye. Hiyo meza njo (ndiyo) inalipa nyumba, papa mwenyewe anakubali, na mwezi wa tisa wazazi wanajaa pale na liste za shule mkononi mpaka huwezi kupita. Vitabu viko nyuma ya meza, na hapo watu wengi hawafiki, wanadhani ni depo.

Ukipita meza unaingia chumba kirefu kama koridori, kuta zote vitabu mpaka juu, balbu moja katikati. Harufu ni ya karatasi ya zamani na ya oli ya motokari. Oli inatoka kwenye miguu ya etajere, zile rafu za vitabu: kila mguu umesimamishwa ndani ya kopo la sardini lenye oli chafu ya vidanje, sababu ya mchwa. Mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa, kichuguu cha mchwa kwetu kinaweza kupita urefu wa mtu, na mchwa akiingia kwenye vitabu hali kimoja kimoja, anapita katikati ya laini (safu) nzima kama anatafuta njia ya kwenda Likasi. Papa anaongeza oli kila Jumamosi. Kwa hiyo angalia unapokanyaga, mi niliharibu viatu vyeupe siku ya kwanza na hakuna aliyenipa pole.

Sasa bei. Hakuna bei iliyoandikwa, bei iko kichwani mwa papa, na kichwani mwa papa inategemea viatu vyako, haraka yako, na kama umeshika kitabu kwa mikono miwili. Riwaya moja ya polisi aliniambia falanga elfu ishirini na tano, nikairudisha, nikaanza kwenda, hata sijafika kwenye meza ya kaye namsikia, "Mama, kuya, leta kumi na tano." Mi sipendi hiyo michezo. Nimezoea maduka ya vitabu ya mapadri na masista, bei imebandikwa, unalipa, unaenda. Lakini papa alinifunga mdomo. Alichukua kitabu kimoja cha jeografia, akafungua kifuniko cha nyuma, ndani kumeandikwa bei kwa penseli, zimekatwa moja baada ya ingine kama ngazi. Ya juu kabisa ni ya zaïre, pesa yetu ya zamani, milioni. Imekatwa. Chini yake milioni zingine nyingi zaidi. Imekatwa. Halafu ghafla namba ndogo ndogo na herufi NZ, hiyo ni nouveau zaïre ya 1993, wakati milioni tatu za zamani ziligeuka kuwa moja mpya. Halafu NZ nazo zikaanza kupanda, laki, milioni, zimekatwa. Chini kabisa "FC", hiyo ni 1998, falanga ya Kongo ilipokuja, NZ laki moja ikawa falanga moja. Baada ya pale hakuna kitu. "Nilichoka kukatakata," akasema. "Asubui naandika, mangaribi ni bongo," yaani ni uongo.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu kwamba hana bei za kubandika, kumbuka alijaribu, na penseli iliisha.

Kitu kimoja lakini sitamsamehe: dola. Huyu mtu anauza vitabu visivyo na kifuniko, vyenye maji, vyenye kona zilizoliwa na panya, ila ukimpa dola yenye mpasuko kidogo tu, hata wa kucha, anakurudishia kama umempa nyoka. Najua si yeye, ni Kongo nzima, lakini kuona dola yangu inakataliwa na mtu aliyeniuzia kitabu kisicho na mgongo iliniuma. Nendeni na falanga, na ziwe ndogo ndogo, chenji hana.

Sasa nije kwenye kitu kinachofanya nirudi pale kila mwezi. Mihuri.

Fungua kitabu chochote pale ndani, ukurasa wa kwanza, angalia muhuri. Mi mwanzo nilikuwa naangalia kichwa cha kitabu kama watu wote, sasa naanza na muhuri. Kuna mihuri ya Union Minière du Haut-Katanga, duara, wino wa zambarau, kampuni ya migodi iliyoanza 1906 na serikali ikaichukua kuanzia Januari 1967, vitabu vya hesabu, vya mashine, na riwaya za kupumzikia ambazo wazungu wa kampuni walisoma jioni. Kuna iliyoandikwa Élisabethville, maana huu mji uliitwa hivyo tangu 1910 mpaka 1966. Kuna ya Université Officielle iliyofunguliwa hapa 1956, ile ambayo leo tunaita UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Kuna miwili mitatu ya État du Katanga, ya wakati Tshombe alijitenga na kuiita Katanga nchi peke yake, tangu mwezi wa saba 1960 mpaka Januari 1963, na hiyo papa anaificha juu kabisa, anajua kuna watu wanaokusanya, bei yake ukiuliza anacheka kwanza. Kuna ya Shaba, maana Katanga ilikaa ikiitwa Shaba mpaka 1997. Unaweza kusimama mbele ya etajere moja na ukapita serikali zote bila kusoma hata sentensi moja ya vitabu vyenyewe.

Iliyonikaa kichwani ni ndogo, haina hata muhuri. Kitabu cha kusoma cha shule ya msingi, Kifaransa, mtoto ameandika jina lake ndani kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri ule wa zamani wa kuinama. Majina mawili. La kwanza, la ubatizo, limekatwa kwa biki nyekundu, mistari miwili iliyonyooka, kwa rula. Juu yake, kwa biki ile ile, mwandiko wa mtu mkubwa, jina lingine, la ukoo. Hiyo ni 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya Kikristo na kila mtu akatafuta jina la babu. Mwalimu alipita na rula, mtoto kwa mtoto. Sikukinunua. Nilikishika muda mrefu halafu nikakirudisha, hata leo sijui kwa nini, na niliporudi kilikuwa kimeshauzwa, elfu tatu tu.

Nikamuuliza papa hivi vitabu vyote vilifikaje hapa. Swali la kipumbavu, akaniangalia kama nimeuliza mvua inatoka wapi. Lakini ilikuwa siku ya mvua kweli, mwezi wa kumi na mbili, wateja hakuna, mshonaji wa jirani aliingia na bitumbula vya moto ndani ya gazeti, tukakaa watatu kwenye mabenchi na papa akaelezea.

Anasema duka lilianza na pillage. Mwezi wa kumi 1991 askari walianza kupora Lubumbashi, raia wakafuata, kama ilivyokuwa Kinshasa mwezi mmoja kabla. Watu walibeba frigo, magodoro, milango, mabati, mpaka sinki za kunawia. Papa alikuwa kijana, alikuwa anauza sigara moja moja. Kesho yake asubuhi alipita kwenye barabara za wazungu akaona kitu kimeenea chini kama majani: vitabu. Waporaji walihitaji makabati, wakamwaga vilivyomo. "Hakuna mutu aliibaka kitabu," anasema, na anasema hivyo kwa huzuni, kama vitabu vilitukanwa. Akaokota. Siku tatu aliokota na kiroba, akatandika bashi (turubai) kwenye trotuari, pembeni ya barabara, akaanza kuuza kwa wanafunzi. Mshonaji akamkatiza, "Na weye pia ulipora, papa." Akasema, "Miye nilifagia." Tukacheka lakini yeye hakucheka sana.

Mwaka uliofuata na 1993 ikaja ile ambayo watu wa hapa hawapendi kuongea, watu wa asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa Katanga, maelfu kwa maelfu, wengine walizaliwa hapa, baba zao waliletwa na reli na kampuni, na wakalala kwenye vituo vya gari la moshi wakingoja treni. Wakauza vitu kwa bei ya kulia. Mwalimu mmoja alimletea papa valizi nzima ya vitabu, hakubishana hata bei, alichukua alichopewa, akarudi kwenye kituo. Niliuliza vitabu hivyo viko wapi. "Nilibiuzishaka byote," akasema. "Nilikuwa na watoto." Amebaki na kimoja, kamusi ya Kifaransa, iko chini ya meza ya kaye, ndiyo anayotumia mteja akiuliza neno. Nimeiona. Jina la yule mwalimu liko ndani, papa hakulikata.

Halafu ya tatu, hiyo hata mi naikumbuka, nilikuwa mdogo. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 80, kufika 2003 ilikuwa chini ya 20,000, na mwaka huo huo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ule wa départ volontaire, kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Papa anasema mwaka ule hakutafuta vitabu, vitabu vilimtafuta. Vilikuja kwa brueti (toroli), kwa pusipusi, kichwani mwa watoto, makarto yenye ensaiklopedia kamili, za kifuniko chekundu, ambazo baba walikuwa wanalipa kidogo kidogo kila mwezi kwenye mshahara. Mtoto anasema "papa anasema umpe hata ya unga". Pale ndipo alipata pesa ya kutoka kwenye bashi na kuingia ndani ya hiki chumba.

Kwa hiyo ukifikiri vizuri, kila mara mji ulipoumia, yeye alipata mzigo. Nilimwambia hivyo, labda sikupaswa. Alinyamaza, akala kitumbula, halafu akasema siku hizi mzigo haupatikani kabisa, hata yeye hajui kama afurahi. Sasa vinakuja vichache kutoka Ubelgiji, vimejazwa kwenye kontena pamoja na nguo na mabaiskeli, au mzee fulani anakufa na watoto wanataka chumba. Wanafunzi wa chuo wananunua silabi, yaani noti za profesa, na mengine wanasoma kwenye simu.

Upande wa Kiswahili, hapa nitalalamika kidogo na si kwa papa peke yake. Mji mzima unaongea Kiswahili, sokoni, kanisani, kwenye moto, kwenye kilio, lakini laini ya Kiswahili pale dukani ni fupi kuliko mkono wangu: Biblia, vitabu vya nyimbo, vitabu vichache vya shule vya Tanzania vilivyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na madereva wa malori. Siku moja nilimkuta dereva wa Dar pale, amekuja kuangalia, na papa akamuuliza kwa heshima zote, "Unataka kuuza?" Yule kaka akasema hapana, mi sina cha kuuza, nataka kununua. Papa akasema njo hivyo, unataka kuuza. Wakaenda hivyo dakika mbili, wote wanakubaliana na wote wanakasirika, mpaka nikaingilia: kaka, kwetu kuuza ni kununua, na kuuza kwenu sisi ni kuuzisha. Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Alinunua Biblia. Au aliuza, mtaamua nyie.

Ila kwenye laini hiyo hiyo fupi nilikuta fotokopi moja imefungwa na uzi, kurasa zimefifia, ile Vocabulaire ya mji wa Élisabethville aliyoiandika André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya maboi wa zamani, wale waliopika na kufua kwenye nyumba za wazungu. Iko kwa Kiswahili, Kiswahili chetu chenyewe, sio cha Unguja, na inaelezea historia ya huu mji kutoka jikoni. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliichapisha na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, kwa hiyo watu wa vyuo vya nje wanaijua, na hapa mjini mtoto wa shule hajawahi kuisikia. Papa ananiuliza kwa nini natetemeka, ni fotokopi. Elfu nane. Nililipa bila kubishana, akashangaa, nadhani alijuta hakusema kumi na tano.

Haya, kurasa kumi na sita.

Ile riwaya ya polisi ya elfu kumi na tano, yenye muhuri wa Union Minière. Nimesoma usiku mbili, tamu kweli, inspekta ameshakusanya watu wote kwenye saloni, nageuza ukurasa wa 112, inayofuata ni 129. Watu wamepungua kwenye saloni na mmoja amefungwa bandeji. Nilikasirika mpaka nikaamsha nyumba. Asubuhi nilikuwa mlangoni kabla hajafungua, nikampigia kelele mbele ya wateja wa kaye, na yeye hakubisha, alichukua kitabu, akakikunja mgongo, akanionyesha nyuzi.

"Kitabu inashonwaka kama nguo," akasema. Karatasi kubwa moja inachapwa pande mbili, inakunjwa, inakunjwa tena, na mara ya tatu, inakuwa kifurushi cha kurasa kumi na sita, halafu vifurushi vinashonwa pamoja kwenye mgongo. Uzi ukikatika pale, haiwezi kuanguka karatasi moja, kinaanguka kifurushi chote. Moja mpaka 16, 17 mpaka 32, hesabu mwenyewe, cha nane ni 113 mpaka 128. Ndiyo maana ukinunua kitabu cha zamani usiangalie tu mwanzo na mwisho, pitisha kidole juu ya mgongo kwa ndani, penye pengo utasikia. Hakuna aliyenifundisha hiyo shuleni.

Nilitaka pesa yangu. Alinipa nusu, elfu saba mia tano, na akasema niache kitabu. Nikasema sawa, lakini moyoni nilijua hiyo ni ya kunifukuza kwa adabu. Ndiyo maana nyota ilianguka, mtu anayejua vitabu hivyo angepaswa kuhesabu kabla ya kuuzisha.

Miezi mitatu kimya. Halafu mwezi uliopita simu inalia, "Mama wa inspekta?" Ni papa. Amepata nakala ingine, haina kifuniko, mwanzo imeliwa na mchwa, ila kifurushi cha nane kiko kizima. Nilienda siku ile ile na nilimkuta anashona. Sindano ya magodoro, uzi ameupitisha kwenye mshumaa usikatike, kitabu changu kimebanwa kati ya mbao mbili na goti. Gundi anapika mwenyewe, unga wa muhogo na maji mpaka iwe kama uji mzito, anaweka karafuu ya kusaga, anasema mende hawapendi. Anapaka kwa kidole, sio kwa brashi, anafuta kilichozidi kwa kitambaa ambacho mshonaji wa jirani anamwekea. Nilisimama pale nusu saa sikuongea. Akakiweka chini ya tofali mbili, akasema rudi Jumatatu.

Jumatatu alidai elfu tano za kushona. Nililipa elfu tatu.

Kifurushi kipya ni cha njano kuliko kurasa zingine, ukikifunga kitabu unakiona kwa pembeni kama mstari. Na ukurasa wa 117 una muhuri, maktaba zingine za zamani zilikuwa na tabia ya kupiga muhuri wa pili katikati ya kitabu ili mwizi asiuone. Mwanzo wa kitabu changu panasema Union Minière, 117 panasema shule moja ya Jadotville, Likasi ya leo. Inspekta bado yuko saloni, leo usiku namalizia.

Jumapili wanafunga. Siku zingine ni saa tatu asubuhi mpaka jua likizama, umeme ukikatika anawasha tochi ya simu na anakushikia mwenyewe.